Nyumba ya wageni Gungu, Kigoma: nifunge mfumo wa kampuni moja au mfumo huria? Naombeni ushauri

Mwana wa Gungu

Wakuu, habari za jioni.

Namalizia nyumba ya wageni ya familia hapa Gungu, vyumba kumi na viwili. Nyaya zimeshapita ukutani, kilichobaki ni rangi na vifaa. Kaka yangu aliyeko Dar kaleta kampuni inayofunga vifaa vya nyumba janja. Wanaahidi taa za korido zijiwashe mtu akipita, hita za bafuni zizime mgeni akirudisha funguo, kamera getini, na hili ndilo linaloniumiza kichwa: maji. Mtaani kwetu bomba linapata presha usiku wa manane. Asipokuwepo mtu wa kuamka kuwasha pampu, simtanki la juu linabaki tupu na asubuhi wageni wanaomba ndoo. Nataka pampu ijiwashe yenyewe, na mama aone kiwango cha maji kwenye simu.

Hofu yangu: vifaa vyote ni vya chapa moja na vinaendeshwa kupitia seva (kompyuta kuu) zao zilizo nje ya nchi. Nikamuuliza yule bwana, intaneti ikikata je? Akasema, "Ikirudi itaendelea." Kijana mmoja wa hapa mjini ananiambia achana nao, tufunge Home Assistant, programu ya kuendesha nyumba ambayo ni huria, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, vifaa nichanganye chapa nitakazo. Bei yake karibu nusu. Ila mimi nashinda Uvinza kikazi, atakayekaa na huo mfumo ni mama. Nifuate upi?

Mzee wa Reli

Swichi ya ukutani haili bando. Ajiri kijana awashe pampu, utakuwa umempa na riziki. Nawasilisha.

Mwana wa Gungu

Mzee wangu shikamoo. Huyo kijana saa nane za usiku anakoroma, ndiyo maana nimekuja humu 😄

Mnyamwezi wa Sensa

Mkuu, aliyekwambia "ikirudi itaendelea" ameshakujibu swali lote. Kifaa ambacho amri yake lazima ivuke bahari ndipo irudi kuwasha taa iliyo juu ya kichwa chako, hicho umekikodi tu. Na seva huwa zinafungwa. Marekani kulikuwa na kifaa cha kuongoza nyumba kikiitwa Revolv. Nest, kampuni ya Google, wakainunua kampuni hiyo 2014, na Mei 2016 seva zikazimwa, vifaa vikabaki mapambo ya mezani. Aprili 2022 wateja wa Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumba janja, nao walikuta seva zimezimika bila kuambiwa lolote. Hayo yamewapata watu wenye intaneti ya uhakika, sembuse sisi wa kuunga bando.

Home Assistant ni programu huria, ilianza 2013, na tangu 2024 iko chini ya taasisi ya Open Home Foundation, iliyoundwa makusudi ili asitokee tajiri akainunua na kuifunga. Inakaa humo humo ndani ya nyumba. Intaneti ikikata, pampu na taa zinaendelea na kazi. Utakachokosa ni kuchungulia tangi ukiwa Uvinza.

Kwa tangi, mwambie kijana atumie kibao cha ESP32, kompyuta ndogo sana yenye WiFi, kinachotuma taarifa kwa MQTT, utaratibu wa vifaa kupeana ujumbe mfupi. Hii MQTT ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako data ilikuwa ghali na mawasiliano ya kubahatisha. Unaona inavyotufaa. Inafanya kazi kama mjumbe wa nyumba kumi: tangi halimjui pampu wala pampu haijui tangi, kila mmoja anapeleka habari kwa mjumbe, na anayezihitaji anazichukua kwake. Tangi linasema tu "nyumba/tangi/kiwango: 62", basi. Kesho ukileta pampu ya chapa nyingine, tangi halina habari.

Halafu sensa yenyewe, kile kifaa cha kupima kiwango cha maji. Zile za kupima kwa mwangwi wa sauti, zinazofungwa kwenye mfuniko, zinasumbua ndani ya simtanki. Jua likipiga, mvuke unapanda, matone yanakaa kwenye uso wa sensa, unaambiwa tangi limejaa kumbe liko nusu. Chukua ile ya presha inayozamishwa hadi chini. Na juu yake weka boya la umeme linalokata pampu tangi likijaa, ili hata kompyuta ikifa usiku maji yasimwagike darini.

Dada wa Mwanga

Naunga mkono nusu. Huria haina namba ya huduma kwa wateja. Kuna ofisi naijua, kijana aliwafungia mfumo mzuri ajabu, akapata kazi mkoa mwingine akaondoka na nywila zote kichwani. Hadi leo taa za ukumbi wanazizimia kwenye breka.

Kwa hiyo kaka, kabla ya kumlipa hela ya mwisho, nywila zote ziandikwe zikae kwenye bahasha kwa mama. Mchoro wa nyaya uwepo. Nakala rudufu ya mfumo iwe kwenye flashi, na akuonyeshe mbele yako anavyoirudisha kwenye kompyuta nyingine. Swichi za ukutani zibaki zikifanya kazi kama kawaida, maana mgeni aliyeshuka kwenye treni kachoka hataki kufundishwa kuwasha taa. Usikubali pia mfumo ukae kwenye kadi ya kumbukumbu peke yake, umeme ukikatika mara kwa mara kadi zinaoza. Weka diski ya SSD, na UPS ndogo, yaani betri ya kushikilia umeme ukikata.

Vifaa vya kununua dukani, tafuta vyenye alama ya Matter au Zigbee, viwango vinavyowezesha vifaa vya chapa tofauti kuelewana. Matter ilitoka 2022, Apple, Google, Amazon na Samsung wote wamo, na kifaa kinaongea ndani kwa ndani bila kupitia seva ya mtu. Kwa kamera ulizia ONVIF, kiwango cha namna hiyo cha kamera. Na kwa kuwa ni nyumba ya wageni, isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Getini sawa, ila picha za wageni wako kulala kwenye seva usiyoijua ni kujitafutia kesi.

Mpima Maji

Wadau, hili tatizo ni lile lile kwenye miji, ukubwa tu ndio unatofautiana. Mamlaka ya maji ikinunua mita za kampuni hii, halmashauri ikaweka taa za barabarani za kampuni ile, kila moja na programu yake, mwisho unakuta ofisini kuna skrini nne zisizoongea. Ulaya wamejenga FIWARE kwa sababu hiyo, programu huria ambayo mita, taa na mabasi vyote vinaandika habari zao kwa mtindo mmoja. Kuna pia WAZIUP, mradi wa Ulaya na Afrika, wenye kituo kidogo kinachofanya kazi hata pasipo intaneti, kikipokea taarifa za sensa kwa LoRa, redio ya umeme kidogo inayofika mbali, kutoka kilomita kadhaa. Mkuu kwa nyumba moja hiyo LoRa huihitaji. Ila ukija kufungua tawi Kibirizi na kisima chake, nitafute.

Fundi Katubuka

Mnaongea kompyuta tu, pampu ataiunguza. Hizi rilei ndogo za ESP32, yaani swichi zinazowashwa na kompyuta, zimeandikwa ampea 10 lakini mota inapoanza inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, zinagandana. Zikigandana pampu haizimi tena. Rilei iwashe kontakta, swichi kubwa ya kazi nzito, na kontakta ndiyo iwashe pampu. Na radi za huku mnazijua, weka kizuia radi kwenye bodi ya umeme na ethi ipimwe kwa mita, siyo kuangalia kwa macho. Pampu ni ya ngapi?

Mwana wa Gungu

Shukrani wakuu. Naenda na huyu kijana wa hapa, kwa masharti yote ya Dada wa Mwanga, na kaka nitamwelewesha. Fundi, pampu ni HP 1, feizi moja.

Fundi Katubuka

Basi kontakta ya ampea 12 ya mota inatosha, pamoja na ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, uliyoiseti kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha pampu yenyewe. Weka na swichi ya mkono pembeni, mama aweze kuwasha bila simu.