Nyumba giza saa sita mchana, nifanye nini mbele ya kufunga paa?

MamaKatindo:
Bonjour wakubwa, naombeni mawazo. Niko najenga huku Goma, mtaa wa Katindo, parseli (kiwanja) ndogo, jirani wa kushoto amepandisha ukuta mpaka juu, wa kuume vilevile, madirisha nabaki nayo ya mbele na ya nyuma tu. Hii nyumba tunamopanga imenichosha kabisa, jana jua kali inje, saa sita, mimi nachagua maharagwe na torchi ya simu, mtoto anaandika devuari (kazi ya shule) amekaa ku mlango! Kwangu sitaki hivyo. Kuta za mawe ya volkano zimeshafika juu ya madirisha, fundi anasema tuweke tole (bati) tatu za plastiki zinazopitisha mwanga ku salon. Ni mzuri?

Fundi_Keshero:
Mama, ile tole niliiweka kwangu. Mwaka wa kwanza furaha, kisha ikawa njano kama meno ya mvuta tumbaku, na saa saba chini yake hata paka halali. Wewe una bahati hujafunga paa. Mwambie fundi agawe paa mara mbili, upande mmoja upite mwingine kwa juu sentimita 60 hivi, kile kiukuta kinachobaki katikati ndipo unaweka vioo ama klostra (matofali yenye matundu), mwanga unashuka katikati ya nyumba na moshi wa makaa unatokea huko huko. Kitazame kaskazini ama kusini. Hapa tuko karibu na ikweta, mwezi wa 6 jua linapita kaskazini, mwezi wa 12 kusini, lakini saa sita liko juu tu, tole ikitoka inje sentimita 30 inakinga kioo chote. Jua baya ni la asubuhi na la saa kumi, lile linaingia limelala.

mwana_himbi:
Klostra na baridi ya usiku ya Goma hapana yaya 😅 tuko karibu metre 1500 juu. Weka vioo vya kufungua. Na hayo mawe yako usiyafunike na mbao kwa ndani, yanakunywa joto mchana yanalirudisha usiku. Paka chokaa nyeupe basi.

Papa_Deo:
Wanaojenga Mugunga wanaosoma hapa, msichimbe sakafu chini ya uwanja eti nyumba ipoe. Mazuku ni gesi nzito ya kuua inayotoka ardhini, inalala kwenye shimo, tundu la juu haliiondoi.

MamaKatindo:
Aksanti papa. Na salon ina metre 6 kwenda ndani, dirisha la mbele halitoshi?

Fundi_Keshero:
Pima kutoka sakafu mpaka juu ya dirisha, zidisha mara mbili, mwanga wa kusomea unafika hapo. Dirisha likiishia metre 2 unapata 4. Metre 2 za nyuma ndiyo ile giza ya maharagwe.

MamaKatindo:
Ah! Nimempigia fundi, analalamika mbao zitaongezeka, tunaonana kesho ku parseli. Nani anajua wapi wanauza madirisha ya kioo ya okazioni (yaliyokwisha tumika)?