Maneno ya jalada la nyuma: niishie wapi, na sifa nizitoe wapi?

Mwandishi wa Temeke
Ndugu zangu, salaam. Riwaya yangu ya kwanza inakaribia kuchapwa, na mchapaji anasubiri maneno ya jalada la nyuma. Nimeandika maneno 300 kuhusu Mwanahamisi, binti anayegundua kwamba hati ya nyumba ya marehemu baba yake, kule Keko, ina jina la mtu mwingine, lakini nikiyasoma naona nimesimulia hadi anavyoirudisha nyumba hiyo. Nikate wapi? Aidha, mwalimu wangu wa zamani aliniandikia kwenye WhatsApp kwamba alikesha akiusoma mswada. Je, naweza kuyachapa maneno yake?

Mhariri, Sinza
Ndugu, maneno 120 hadi 150 yanatosha, nawe uache nafasi ya mistari ya ISBN, ile namba ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu ambayo hapa kwetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa sababu wengi huikumbuka mwishoni, maandishi yakabanwa hadi hayasomeki. Ishia pale jina geni linapoonekana kwenye hati, kabla binti hajaamua lolote. Usituambie kwamba riwaya inasisimua. Tuoneshe hati ile, tutasisimka wenyewe.

Muuza vitabu, Posta
Naunga mkono. Mteja wangu husoma jalada la nyuma akiwa amesimama juani, na akikuta "riwaya ya kusisimua yenye mafunzo tele" hukirudisha kitabu mezani, maana sifa hiyo ameikuta kwenye vitabu vingine vyote. Keko itaje katika mstari wa kwanza.

Msomaji, Ubungo
Kuhusu mwalimu, mwombe ruhusa kwanza. Mwaka 1855 mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ralph Waldo Emerson, alimwandikia mshairi Walt Whitman barua ya faragha ya kumpongeza, na mwaka uliofuata Whitman akachapa sentensi moja ya barua hiyo, kwa rangi ya dhahabu, kwenye mgongo wa toleo jipya la mashairi yake, bila ya kumwuliza mwenyewe. Mtu anayekuandikia faraghani hapimi maneno kama anayejua yatasomwa na umma, na kumpa nafasi ya kuyapima ni haki yake.

Mwandishi wa Temeke
Nashukuruni sana. Yamebaki maneno 130, nayo yanaishia pale afisa ardhi anapolisoma lile jina kwa sauti. Mwalimu nimempigia simu. Amekubali, ila ameomba aiandike upya sentensi yake kabla sijaipeleka kwa mchapaji.