Vidoa vyeupe kwa kangaja wa maji chumvi: naomba ushauri

Muulizaji
Ndugu wanajamvi, kangaja wangu, samaki ninayemfuga tangini, ametokwa na vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi, vingi vikiwa kwenye mapezi. Anakula vizuri, ila hujikwaruza kwenye mawe. Kinachonitatiza ni kwamba vidoa vilipotea vyote, kisha vikarudi vingi zaidi. Nimeshauriwa nitie dawa ya shaba tangini, ambamo wamo pia kamba na matumbawe. Je, ni sahihi?

Mlezi wa Matumbawe
Pole sana, ndugu. Tafadhali usitie shaba humo: itaua kamba na matumbawe, na kwa kuwa mawe na mchanga huifyonza, hutaweza kudhibiti kipimo chake. Dalili zako zinaelekea kwenye kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, ambacho hukaa ndani ya ngozi ya samaki kwa siku 3 hadi 7, kisha hutoka, hujifungia katika ganda kwenye mchanga au mawe, hugawanyika humo na kuachia watoto wengi wanaoogelea kutafuta samaki. Ndiyo maana kupotea kwa vidoa hakumaanishi kupona.

Mvuvi Mstaafu
Naomba tusiharakishe. Anahemaje? Vidoa vikiwa vidogo kama vumbi, naye akihema haraka na kukwepa mwanga, huenda ni Amyloodinium, kimelea kingine ambacho huua kwa siku chache na hakingoji mjadala. Vikiwa vivimbe visivyobadilika kwa wiki kadhaa, yaelekea ni limfosistisi, ugonjwa wa virusi usio na dawa, ambao mara nyingi huisha wenyewe samaki akitunzwa vyema.

Muulizaji
Hahemi haraka, na vidoa vinahesabika kimoja kimoja.

Mlezi wa Matumbawe
Basi hamishia samaki wote, hata wasio na vidoa, kwenye tangi la karantini lisilo na mawe wala mchanga, lenye hita, chujio na vipande vya bomba vya kujifichia. Humo unaweza kutumia shaba ya ioni (iliyoyeyuka ikiwa huru majini), miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ukiipima kila siku. Hata hivyo, kangaja huvumilia shaba kwa shida, hivyo mimi ningepunguza chumvi taratibu kwa siku mbili au tatu hadi kipimo cha 1.009 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), nikakidumisha kwa wiki 4 au zaidi, kisha nikakipandisha polepole zaidi ya nilivyokishusha. Usichanganye njia hizi mbili, kwa sababu shaba huwa sumu kali zaidi chumvi ikipungua. Amonia nayo ipime kila siku, kwani katika tangi jipya hujikusanya haraka.

Mvuvi Mstaafu
Naongezea: tangi kuu libaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76, maana maganda yamewahi kuonekana yakiachia vimelea hata baada ya siku 72. Kamba na matumbawe wabaki humo, kwa sababu kimelea hiki hakiishi juu yao. Wavu na ndoo visitumike kwa matangi yote mawili, hata vikiwa vimeoshwa.