Kukifanya kihariri kidogo cha terminali kielewe Unicode: nianzie wapi bila kukiandika upya?

Karani_wa_Terminali ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu. Nina kihariri kidogo cha maandishi nilichokiandika kwa lugha ya C kwa kufuata muundo wa kilo, ile programu ya Salvatore Sanfilippo ya mwaka 2016 ambayo kwa mistari takriban elfu moja huonyesha namna kihariri cha terminali kinavyofanya kazi bila kutegemea maktaba yoyote ya nje. Ninakitumia kuandaa orodha ya maneno ya Kikuyu pamoja na maana zake kwa Kiswahili. Upande wa Kiswahili haunisumbui, kwa kuwa herufi zetu zote zimo katika zile alama 128 za ASCII. Kinachonisumbua ni herufi mbili za upande wa pili, yaani ĩ na ũ, ambazo hupatikana katika Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi nambari yake.

Nikifungua faili lenye neno mũndũ, kila ũ huonekana kama alama mbili za ajabu zilizogeuzwa rangi. Kishale hupiga hatua mbili kuivuka herufi hiyo moja, na nikibonyeza kitufe cha kufuta mara moja, nusu ya herufi huondoka na nusu hubaki, kisha programu nyingine hulalamika kwamba faili si UTF-8 (namna ya kuandika nambari za Unicode kwa baiti) sahihi. Mistari yenye herufi hizo huonyesha kishale mbali na mahali ambapo maandishi yanaingia.

Je, nibadilishe hifadhi yote ya maandishi iwe orodha ya nambari za biti 32, kila herufi nambari yake, au ipo njia ya kuziacha baiti kama zilivyo? Ningependa kuelewa sababu kabla ya kuelekezwa kwenye maktaba ya kupakua.

FundiBaiti amejibu:

Ndugu Karani, hifadhi yako iache ilivyo. Kinachotakiwa kubadilika ni namna kihariri kinavyohesabu nafasi. Kwa sasa programu yako ina hesabu moja inayofanya kazi tatu: inahesabu baiti ndani ya mstari, inahesabu herufi ambazo kishale kimezipita, na inahesabu safu wima kwenye skrini. Kwa ASCII hesabu hizo tatu hulingana daima, ndiyo maana hakuna aliyelazimika kuzitenganisha. Herufi ũ ina baiti mbili, ni herufi moja, na huchukua safu moja. Herufi ya Kichina 中 ina baiti tatu, ni herufi moja, na huchukua safu mbili. Mara tu hesabu hizo zitakapokuwa na majina tofauti katika msimbo wako, makosa mengi uliyoyaeleza utayaona kwa macho hata kabla ya kuendesha programu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kazi hiyo imeshaanza ndani ya kilo yenyewe. Tazama inavyoshughulikia kichapo cha Tab: baiti moja hutanuka hadi kufikia safu inayogawanyika kwa nane, na kwa sababu hiyo, kabla ya kukiweka kishale mahali pake, programu huupitia mstari ikijumlisha safu. Kitanzi hicho hicho ndicho utakachokipanua. Badala ya kusonga baiti moja moja, kitasonga herufi nzima na kujumlisha upana wake, iwe ni sifuri, moja au mbili.

Kusonga herufi nzima ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, na sababu imo katika umbo la UTF-8 ambalo Ken Thompson na Rob Pike walilibuni Septemba 1992. Baiti inayoanza na biti 0 ni ASCII na hujitegemea. Inayoanza na 110 hufuatwa na baiti moja, inayoanza na 1110 hufuatwa na mbili, na inayoanza na 11110 hufuatwa na tatu. Baiti zote zinazofuata huanza na 10, na hakuna baiti ya mwanzo inayoanza hivyo. Kwa hiyo, hata ukitupwa katikati ya mstari bila kujua ulikotoka, unaweza kurudi nyuma kwa kipimo kimoja tu: maadamu `(b & 0xC0) == 0x80`, bado uko ndani ya herufi. Herufi ũ, ambayo nambari yake ni U+0169, huandikwa kwa baiti C5 na A9 (kwa tarakimu za msingi wa 16). Ukiwa mwisho wa neno mũndũ na ukabonyeza kufuta, rudi nyuma, ikute A9, itambue kuwa ni mwendelezo, rudi tena, ikute C5, kisha zifute zote mbili kwa pamoja. Weka kanuni moja kwamba kishale hakitui kamwe katikati ya herufi, na uifanye kila fanksheni inayokisogeza iiheshimu, ikiwemo ile ya kupanda na kushuka mistari, ambayo wengi huisahau: ukishuka kutoka safu ya kumi unapaswa kutafuta safu ya kumi kwenye mstari wa chini, wala si baiti ya kumi.

Zile alama za ajabu zina chanzo kingine. Kilo huiuliza `isprint`, fanksheni ya C inayoeleza kama alama inaweza kuonyeshwa, kuhusu kila baiti, na baiti yoyote iliyo juu ya 127 hukataliwa ikiwa peke yake. Zaidi ya hayo, kwenye mashine nyingi za x86 aina ya `char` huwa na alama ya kutoa, hivyo C5 huwa nambari hasi, na kuipa `isprint` nambari hasi ni jambo ambalo kanuni za C hazilitolei dhamana yoyote. Tumia `unsigned char` kila mahali, ziruhusu baiti za herufi iliyo sahihi zipite hadi kwenye terminali bila kuguswa, na uiache terminali ichore.

Katika kusoma vitufe, usiipokee kila baiti kama kitufe kamili. Ukipata baiti ya mwanzo, kusanya zilizobaki ndipo uingize herufi. Kilo husoma kwa kikomo cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwenye muunganisho wa SSH (wa kutumia kompyuta ya mbali) ulio mzito muda huo unaweza kupita ukiwa umepata nusu tu. Basi nusu hiyo ihifadhiwe pembeni hadi nyingine ifike. Huhitaji kuogopa kwamba itachanganyikana na vitufe vya mishale, kwa sababu baiti 1B inayoanzisha mifuatano hiyo haiwezi kutokea ndani ya herufi yenye baiti nyingi.

Kuhusu upana, ita `setlocale(LC_CTYPE, "")` mwanzoni mwa programu kisha utumie `wcwidth`, fanksheni inayokupa idadi ya safu za herufi. Ikiwa mfumo wako una toleo la zamani lenye majedwali yaliyopitwa na wakati, lipo lile alilolitoa Markus Kuhn kwa matumizi ya wote. Angalia pia kingo za skrini: ukisogeza maandishi kwa upande, ukingo wa kushoto usianzie katikati ya herufi, na herufi ya safu mbili isiyoenea kwenye ukingo wa kulia ibadilishwe kwa nafasi tupu.

Mlinda_Bafa amejibu:

Naomba kutofautiana kidogo na ndugu aliyetangulia. Kwa kihariri kidogo, njia ya biti 32 ina faida moja kubwa: herufi ya mia tano iko mahali pa mia tano, na huna haja ya kuupitia mstari kila mara. Kumbukumbu itakayotumika ni mara nne kwa maandishi ya ASCII, lakini orodha ya maneno haitaijaza kompyuta ya leo. Unafasiri faili mara moja unapolifungua, unalirudisha katika UTF-8 unapolihifadhi, na fanksheni zako zote zilizobaki unaziacha zilivyo.

FundiBaiti amejibu:

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama nambari moja ya Unicode ingekuwa daima kitu kimoja machoni pa msomaji. Haiko hivyo. Bendera ya Kenya inayotumwa kwenye simu ni nambari mbili, U+1F1F0 na U+1F1EA, yaani herufi mbili za kanda zinazosimama kwa K na E. Ukifuta moja, bendera hugeuka kuwa herufi pweke ndani ya kisanduku. Mfano ulio karibu zaidi na lugha zetu ni ɛ́ ya Kilingala katika maandishi rasmi: ni U+025B ikifuatwa na U+0301, na hakuna nambari moja inayoziunganisha. Kiyoruba nacho kina ẹ́ yenye hali hiyo hiyo. Kwa hiyo hata ukiwa na orodha ya biti 32, bado utaandika kitanzi kinachokusanya nambari zinazokaa pamoja, na faida ya kwenda moja kwa moja mahali pa mia tano itakuwa imetoweka. Kanuni za mkusanyo huo zimo katika kiambatisho namba 29 cha Unicode, na hapa ndipo ningekubali maktaba, kwa sababu majedwali yake ni marefu na hubadilika kwa kila toleo. Maktaba ya utf8proc ni ndogo, imeandikwa kwa C, na inatosha.

Ipo sababu ya pili, ambayo kwangu ni nzito kuliko ya kwanza. Si kila faili linalofunguliwa ni UTF-8 sahihi. Faili la zamani la Windows linaweza kuwa na baiti E9 pekee yake kwa ajili ya é. Ukilifasiri kwenda biti 32, baiti hiyo haina nambari, na wengi huweka U+FFFD (alama ya kuonyesha kwamba herufi haikusomeka) mahali pake; mtumiaji akihifadhi, baiti ya awali imepotea hata kama hakuugusa mstari huo. Kihariri kinachobadilisha usichokihariri hakifai kuaminiwa na faili la mtu. Ukibaki na baiti, onyesha U+FFFD kwenye skrini tu na uiache baiti yenyewe ikae ilipo. Lugha ya Python ililitatua jambo hili mwaka 2009 kwa njia ya kuzificha baiti mbovu ndani ya nambari zisizotumika, na kihariri cha Emacs nacho kina namna yake ya kuzibeba baiti ghafi, lakini kwa programu yako hilo ni kuzunguka mlima bila sababu.

Karani_wa_Terminali ameongeza:

Nashukuru sana. Kishale na kufuta sasa vinafanya kazi, na mistari imenyooka. Limejitokeza jambo jingine katika kutafuta: nikiandika mũndũ, kihariri hupata baadhi ya mistari na kuiruka mingine, ingawa kwa macho maneno ni yale yale kabisa. Vilevile ng'ombe hupatikana katika maneno niliyoyaandika mwenyewe, lakini si katika yale niliyotumiwa na mwenzangu kutoka kwenye simu yake.

Msomi_wa_Hati amejibu:

Hayo ni matatizo mawili yanayofanana kwa sura tu.

La kwanza ni kwamba ũ inaweza kuandikwa kwa nambari moja, U+0169, au kwa u ya kawaida ikifuatwa na alama ya kuunganisha U+0303, na kibodi tofauti huzalisha moja au nyingine. Katika faili, ya kwanza ni C5 A9 na ya pili ni 75 CC 83. Unicode ina utaratibu wa kuzisawazisha uitwao NFC, ambao huunganisha, na NFD, ambao hutenganisha. Sawazisha nakala ya neno linalotafutwa na nakala ya mstari unaotafutwa, ulinganishe nakala hizo, kisha urudishe nafasi kwenye mstari halisi. Usisawazishe faili lenyewe bila mtumiaji kuomba, kwa sababu ile ile aliyoitaja FundiBaiti. Kwa orodha ya maneno ningeongeza amri ya pekee ya kusawazisha faili zima, ili mwenye faili aamue mwenyewe.

La pili halitatuliwi na NFC hata kidogo. Ritifaa unayoiandika kwa kibodi ni U+0027, na simu nyingi huibadilisha kuwa U+2019, ile iliyopinda. Kwa Unicode hizo ni alama mbili tofauti zisizo na undugu wa kusawazishwa, na ipo ya tatu, U+02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi, wala si alama ya uandishi. Hapo inabidi uweke jedwali lako dogo linalozichukulia zote tatu kuwa sawa wakati wa kutafuta. Kwa Kiswahili jedwali hilo si pambo, kwa kuwa ng' ni sauti kamili, na kihariri kisichoipata ng'ombe kina kasoro ya msingi. Angalia pia amri ya kuruka neno kwa neno: ikiwa inasimama kwenye kila alama isiyo herufi, itaikata ng'ombe vipande viwili. Kiambatisho namba 29 huzuia hilo pale ritifaa inapokaa kati ya herufi mbili.

Mlinda_Bafa ameuliza:

Nimekubali kuhusu baiti mbovu. Je, Kiswahili cha hati za Kiarabu kitawezekana humu? Ninazo nakala za tenzi kutoka Lamu ambazo ningependa kuzihariri.

Msomi_wa_Hati amejibu:

Kuhifadhi, ndiyo, kuonyesha vizuri, hapana, angalau si ndani ya terminali ya kawaida. Herufi zinazohitajika, kama پ kwa p, چ kwa ch na ڤ kwa v, zote zina nambari zake, na baiti zake hukaa kwenye faili kwa mpangilio wa kusomwa. Ugumu ni kwamba skrini inapaswa kuzichora kuanzia kulia, kuziunganisha kwa maumbo ya mwanzo, kati na mwisho, na kuzichanganya na tarakimu zinazokwenda kushoto kuelekea kulia. Kanuni za mwelekeo zimo katika kiambatisho namba 9. Emacs ilizitekeleza katika toleo la 24 la mwaka 2012, na baadhi ya terminali huzitekeleza zenyewe, kwa mfano mlterm. Hatari ni pale kihariri na terminali vinapogeuza kila kimoja kwa wakati wake, kwani maandishi hurudi kinyume na kishale huonekana mahali pasipo pake. Ukitaka kuhariri tenzi hizo leo, tumia Emacs ya dirisha na fonti yenye herufi hizo. Kwa kihariri cha ndugu Karani, inatosha kisiziharibu: kifungue hati, kibadilishe mstari mmoja wa Kilatini, kihifadhi, kisha ulinganishe mafaili mawili kwa `cmp`, amri inayolinganisha mafaili baiti kwa baiti. Tofauti pekee itakayoruhusiwa ianzie kwenye mstari huo.