MREJESHO: Nguo za rangi ya maganda, sasa hazichuji

Wadau habari zenu, mi ndo yule niliyeuliza kwanini tisheti zangu nazotia rangi kwa mabaki ya chakula zinachuja, nilitumia bitiruti na manjano, nikauza tano hapa Dar na zote zikarudi zimepauka. Nawashukuru sana, hasa mlioniambia tatizo ni maandalizi ya kitambaa.

Bitiruti nimeachana nayo kabisa, haishiki kwenye pamba hata uifanyeje, na manjano jua linaimaliza. Sahivi nachukua maganda ya vitunguu kwa mamantilie wawili na kokwa za parachichi kwa jamaa wa juisi. Kitambaa ni pamba tupu, nakichemsha kwanza na magadi soda, aisee maji yanatoka ya njano chafu wakati kitambaa ulikiona cheupe kabisa, halafu kinalala kwenye maji ya shabu (yale mawe meupe kama chumvi, ndo yanafanya rangi ishike) usiku kucha ndo kinaingia kwenye rangi. Maganda yanatoa dhahabu iliyokolea, kokwa zinatoa pinki iliyotulia nzuri mno. Ukigusisha maji ya misumari yenye kutu, ile dhahabu inageuka kijani cha zeituni palepale mbele ya macho yako, na hiyo ndo wateja wanaigombania.

Sampo nimeifua mara kumi kwa sabuni ya mche, imepungua kidogo tu. Nimeshona magauni 12, yamebaki 3. Kinachonisumbua bado ni kupata rangi ileile mara mbili, kila sufuria inatoka kivyake, kwahiyo nimeanza kupima maganda kwa mzani na kuandika kwenye daftari.