Njia ya kwanza ya usafiri wa haraka: ifuate mkuza wa reli au barabara kuu?

Mjumbe wa Kamati aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Nimo katika kamati ya wananchi iliyoombwa kutoa maoni juu ya njia ya kwanza ya usafiri wa haraka katika jiji la ukubwa wa kati, lenye wakazi wapatao laki sita. Rasimu iliyo mezani ina mapendekezo mawili, kila moja likiwa na urefu wa kilomita 12 hivi. La kwanza linafuata mkuza wa reli ya zamani ya mizigo, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya reli hiyo, ambako ardhi iko wazi na hakuna nyumba ya kubomoa. La pili linapita katikati ya barabara kuu, penye hospitali, vyuo na masoko, na litayanyima magari ya kawaida njia moja kila upande. Wenzangu wamezama katika ubishi wa kama zinunuliwe treni au mabasi. Binafsi naona ubishi huo umekuja kabla ya wakati wake, ila sina hoja za kuutuliza. Ninyi mngeanzia wapi?

Mpanga Njia alijibu:

Ndugu mjumbe, umeona vema. Chombo huchaguliwa baada ya kujulikana ni abiria wangapi watapita katika sehemu yenye msongamano mkubwa kuliko zote, kwa upande mmoja, katika saa moja ya asubuhi. Chukua basi refu lenye kiungo, linalobeba watu 150 hivi: likipita kila baada ya dakika 3, yanakuwa mabasi 20 kwa saa, yaani abiria 3,000. Kama makadirio yenu yanazungukia hapo, mabasi yatamudu, na hoja ya treni inapaswa kusubiri.

Jambo zito zaidi ni kama chombo hicho, kiwe treni au basi, kitakuwa na njia yake chenyewe mwanzo hadi mwisho. Kwa kilomita 12, chombo kinachokwenda wastani wa kilomita 24 kwa saa hutumia dakika 30 kwenda na 30 kurudi. Ongeza dakika 10 za kupumzika na kugeuza, jumla ni 70, kwa hiyo huduma ya kila dakika 5 inahitaji mabasi 14. Kikwamishwe na foleni hadi wastani wa kilomita 16 kwa saa, mzunguko unafika dakika 100, nanyi mtahitaji mabasi 20. Hayo sita ya ziada, pamoja na madereva wa zamu zote na mafuta yake, hayamwongezei abiria hata safari moja.

Kwa sababu hiyo, fungueni kwanza michoro ya kilomita mbili za kuingia mjini. Mara nyingi mstari mzito unaoonyesha njia maalumu hugeuka kuwa vidoti pale pale foleni inapoanzia, na maelezo ya vidoti hivyo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa karatasi.

Fundi wa Reli alijibu:

Hesabu za mwenzangu nazikubali, lakini mkuza usidharauliwe. Edmonton, nchini Kanada, ilifungua reli nyepesi, yaani ya treni ndogo za abiria wa mjini, mwaka 1978 ikiwa na wakazi wapatao nusu milioni, na upande wa kaskazini-mashariki ilifuata mkuza wa reli ya mizigo. Ilipofika mjini ikachimba handaki. Jirani yake Calgary ilifungua yake mwaka 1981, nayo katikati ya mji ikapitisha treni juu ya ardhi, kwenye 7th Avenue, mtaa ulioachiwa treni na mabasi. Kufikia mwaka 1987 Calgary ilikuwa na matawi matatu, ilhali Edmonton ilisonga polepole, kwa kuwa kila hatua ya handaki ilikuwa ghali.

Kwa maoni yangu, rasimu yenu imeficha pendekezo la tatu: fuateni mkuza nje ya mji, kisha mhamie barabara kuu mnapokaribia hospitali na masoko. Atakayependekeza handaki, mwulizeni kuhusu utafiti wa Bent Flyvbjerg, msomi wa gharama za miradi mikubwa, na wenzake wa mwaka 2002, uliochunguza miradi 258 ya usafiri na kukuta kwamba ile ya reli ilizidi makadirio ya gharama kwa wastani wa asilimia 45 hivi.

Bi Ramani alijibu:

Naongeza la watembea kwa miguu. Washauri hupenda kuchora duara la mita 500 kuzunguka kila kituo na kuhesabu wote walio ndani yake. Kituo cha kwenye mkuza huwa na uzio upande mmoja, mtaro upande wa pili, na migongo ya maghala imekipa kisogo, hivyo mtu anayekiona kituo kutoka dirishani kwake anaweza kulazimika kuzunguka kilomita nzima. Dai lenu liwe ramani ya njia halisi za miguu, na vivuko viingizwe kwenye bajeti ya awali.

Curitiba, Brazili, ilianzisha njia maalumu za mabasi mwaka 1974 huku ikiruhusu majengo marefu kando ya njia hizo hizo. Mkuza mtupu bila kubadili kanuni za ujenzi utabaki mtupu, na treni zake vilevile.

Mjumbe wa Kamati:

Nawashukuru sana. Tutadai pendekezo la tatu lichorwe, pamoja na zile kilomita mbili. Limebaki moja: wenye maduka wa barabara kuu wanasema wateja wao huja kwa magari, na maegesho yakiondolewa watafunga. Tuwajibu nini?

Mpanga Njia:

Msiwajibu bado. Wekeni watu milangoni, siku ya kazi na siku ya soko, wawaulize wateja wamefikaje na wametumia fedha kiasi gani, na wenye maduka washiriki kuandaa maswali. Halafu hesabuni pia magari yanayoshinda hapo kutwa nzima, maana baadhi yake huwa ya wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao.