Mjadala: Gari kuukuu lazima lipewe oili nzito?

Wakuu, kuna ushauri ambao fundi hukupa hata hujamuuliza: gari likishatembea sana achana na oili nyepesi, mwagia 20W-50. Hoja yenyewe tunaijua. Injini ikichakaa, nafasi kati ya vyuma huongezeka, oili nyepesi inapenya, basi weka nzito izibe. Inaingia akilini. Mimi naipinga, hasa inavyotolewa kwa gari lolote lenye umri bila mtu hata kuchomoa stiki ya kupimia oili na kuangalia.

Tuanze na namba zilizoandikwa kwenye dumu. Katika 5W-30, namba ya kwanza inahusu oili inavyotiririka ikiwa baridi, ya pili uzito wake injini ikishachemka, kwenye nyuzi joto 100. Kwa kipimo cha SAE (chama cha wahandisi wa magari), oili ya 30 huanzia sentistoki (kizio cha uzito wa oili) 9.3 na haifiki 12.5, ya 40 huishia chini ya 16.3, na ya 50 chini ya 21.9. Kutoka 30 kurukia 50 kunaweza kukaribia kuongeza uzito maradufu. Wanaoishi kwenye joto huniambia namba ya baridi haiwahusu. Sasa injini iliyolala usiku kucha ina nyuzi ngapi? Ni joto la hewa tu, tuseme 30, na oili imepangiwa kufanya kazi karibu na 100. Kwa injini hiyo ni baridi bado. Hapo 20W-50 inajikokota kupanda hadi kwenye kemu (shafti inayofungua valvu), na sekunde za kuwasha ndizo vyuma husagana zaidi.

"Mbona nilipoweka nzito presha ilipanda?" Itapanda, ndiyo. Oili inayokataa kupita lazima ionyeshe presha. Ikizidi, valvu ya kupunguza presha inafunguka na sehemu ya oili inarudishwa kabla haijafika kwenye bearingi. Kinacholinda bearingi ni oili iliyofika, na geji haipimi hiyo.

Kwenye kula oili ndiko tunakodanganyana zaidi. Injini haili oili kwa sababu moja. Ukiwasha asubuhi ukaona moshi wa bluu kisha ukapotea, shuku sili za valvu (mipira ya kuzuia oili) zilizokauka. Moshi ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, ringi za pistoni zimechoka. Wakati mwingine hakuna kilichochoka, ni valvu ya PCV (inayotoa gesi zilizojikusanya ndani ya injini) imeziba na injini inasukuma oili kutokea kusikofaa. Kipuri kidogo, kazi ya muda mfupi. Oili nzito itapunguza moshi kidogo katika hali hizi na haitatibu hata moja. Ndiyo maana anayetaka kuuza gari bovu huipenda sana. (Ukienda kununua gari, omba uwashe mwenyewe likiwa limepoa. Ukikuta mwenye gari ameshalipasha moto, uliza kwa nini.)

Halafu "kuukuu" ni lipi? Gari la mwaka 2005 leo lina zaidi ya miaka 20, na mengi ya umri huo yana mfumo wa kubadili majira ya valvu, yaani wakati wa kufunguka na kufunga. Mfumo huo unaendeshwa na oili yenyewe, kupitia njia nyembamba na vichujio vidogo. Mara nyingi kuna na kikaza cheni kinachotegemea presha ya oili hiyohiyo. Ukimwaga 50 kwenye injini iliyopangiwa 30, majira yanaweza kuchelewa kubadilika, taa ya injini ikawaka, ukaanza kununua sensa ambazo hazijafa.

Sasa nikiri upande wa pili una hoja, ila siyo wanayoitaja. Injini za zamani kweli, zile ambazo tapeti bapa (kipande kinachosukuma valvu) inasuguana moja kwa moja na kemu, zinahitaji kinga ya zinki na fosforasi. Kwa kuwa fosforasi huharibu katalisti ya ekzosi (kifaa kinachosafisha moshi), viwango vya API (taasisi ya petroli ya Marekani) kuanzia daraja la SM viliiwekea ukomo wa asilimia 0.08 kwenye gredi nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. Gredi za 10W-40 na 20W-50 haziguswi na ukomo huo. Kwa hiyo mzee mwenye gari la miaka ya sabini anayeshikilia 20W-50 yake huenda yuko sahihi kabisa, kwa sababu ya kemikali zaidi ya uzito. Asome tu dumu, maana si kila 20W-50 ina zinki ya kutosha.

Hofu ya oili za sintetiki (zinazoundwa kiwandani) kusababisha uvujaji nayo imekuzwa. Za mwanzo zilileta shida kwenye sili. Za leo zina viungo vya kuzilinda. Sili iliyokwisha kupasuka itavuja tu, wakati mwingine ilikuwa imezibwa na uchafu na oili safi imeusafisha.

Msimamo wangu: fuata kitabu cha gari. Kama vitabu vya magari mengi, chako kinaweza kuruhusu gredi zaidi ya moja kulingana na joto la mahali. Injini ikishathibitika imechoka, yaani taa ya oili inapepesa ikiwa moto kwenye sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), ilhali oili imejaa na swichi ya taa hiyo ni nzima, panda hatua moja, 30 kwenda 40, huku ukijiandaa kwa matengenezo. Na mwenye injini inayokula oili abadilishe oili mapema na kukagua stiki kila wiki. Injini nyingi zinazosemwa zimeuawa na oili nyepesi ziliuawa na oili pungufu.

Mnaotetea 20W-50 kwa kila gari, nawaomba jambo moja: tajeni injini, gredi iliyoandikwa kitabuni, na mlichopima kabla ya kubadilisha.